Kamera Pana na Waliosimama Pembeni

"Pembeni si tunakata tu, Bibi?"

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia Neema, binti mpiga picha wa Mikumi, akiwa amekaa kwenye kochi langu hapa Magomeni, Kilosa, na kikombe changu cha chai mkononi. Mimi nimestaafu kazi ya picha. Magoti yamekataa, macho yanasuasua, lakini hasira zangu hazijastaafu. Nilimwambia amalize chai aende zake. Akaenda kweli, kabla sijamweleza kilichoniuma. Ndiyo maana naandika. Namwandikia yeye, na nyinyi wenzake wote mnaozunguka Kilosa na Mikumi mkitafuta kamera za zamani za filamu kwa sababu mmemwona mtu kwenye simu kaivaa moja shingoni.

Neema alikuwa ameleta kamera ya mtumba, nzito kama tofali, inayotumia ile filamu pana ya kuviringisha yenye karatasi mgongoni. Lenzi yake haitoki, na ni ya kuona upana: ukisimama karibu na kundi la watu, wote wanaingia. Negetivu yake nayo ni kubwa, kiasi kwamba unaweza kuchukua sura ya mtu mmoja katika kundi zima, ukaikuza, ukajua kama asubuhi ile alinyoa ndevu. Muuzaji alimpa siku tatu aichunguze. Nikaipima kwa njia yangu, nikamwonyesha kwamba upande mmoja wa picha umeyeyuka kama siagi juani. Akatazama, akakubali umeyeyuka. Halafu ndipo akasema hayo ya kukata.

Nyinyi mnanunua kamera kama mtu anayechumbia kwa kuangalia viatu. Mnaipangusa, mnatafuta mikwaruzo, mnaibofya karibu na sikio mnasema ina mlio mzuri. Halafu mnampiga picha rafiki yenu mmoja, katikati kabisa, anacheka, basi imekwisha, kamera ni nzima. Mwingine kutoka Tindiga alisikia kwamba mchele unavuta unyevu. Akaifukia kamera yake kwenye debe la mchele wiki nzima ili fangasi watoke ndani ya lenzi. Alivyoniletea, fangasi walikuwepo vilevile, pumba zilikuwa zimejaa kwenye gia, na mdudu wa mchele alikuwa anatembea nyuma ya kioo kwa raha zake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakasirika, maana ile kamera ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kushika mimi.

Sikilizeni. Fangasi huonekana kwa tochi. Fungua mgongo wa kamera, acha lenzi wazi, mulika kutoka mbele kwa kuinamisha, utazame kwa nyuma. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi ya nyasi, mrudishie mwenyewe. Shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufunga ndani ya lenzi, usiisikilize kwenye mwendo wa haraka, hapo zote zinalia sawa. Iweke kwenye sekunde moja, simama chini ya saa ya ukutani, ubofye pamoja na mlio wa saa. Mlio unaofuata ukikuta shata bado inajivuta, grisi imekauka ndani. Filamu moja uitoe sadaka: ipitishe, na kila inaposimama chora mstari kwa kalamu pale picha inapoishia. Ukiitoa nje utaona kama picha zinapandana. Haya yote ni rahisi, na hakuna hata moja kati ya haya lililoniletea aibu. Aibu yangu ililetwa na kitu nilichokuwa nakijua na sikukifanya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sefu. Yeye alikuwa mtu wa tambarare, Mwislamu, mwenye studio ndogo hapahapa Magomeni, na mimi nilikuwa binti wa milimani, wa Kianglikana, niliyetoka shule ya misheni nikijua kuimba na kushona. Alinipokea kuandika majina kwenye bahasha za picha. Baada ya muda akaniingiza chumba cha giza. Alikuwa mpole hata ukiunguza picha, jambo ambalo lilinitesa, kwa sababu mimi nilizoea nyumba ambayo ukikosa unaambiwa hapohapo.

Siku moja alinionyesha kipimo chake. Alinituma kwa mama muuza maandazi, nikaleta maandazi mawili yamefungwa kwenye karatasi. Maandazi tukala. Karatasi ilikuwa imelowa mafuta, ukiinyanyua unaona mwanga wa dirisha unapita. Akakata kipande chenye upana wa filamu, akafungua mgongo wa kamera, akakinyoosha kikakazika kabisa pale pale filamu inapokaa, akakibana kwa gundi ya karatasi. Akafungua lenzi mpaka mwisho, akaishikilia shata wazi, akajifunika kitambaa cheusi kichwani. Kamera aliielekeza kwenye ukuta wa matofali wa jirani.

"Njoo uone," akasema.

Nikaingia chini ya kitambaa. Ukuta wote ulikuwa pale kwenye karatasi ya maandazi, miguu juu kichwa chini, kila tofali na mstari wake.

"Katikati usipaangalie," Mzee Sefu akasema. "Katikati kila kamera inajua. Zunguka kona zote nne."

Nilizunguka kona zote nne. Sikuona ajabu yoyote. Nikasema ndiyo mzee, nimeelewa, nikatoka kufuta mafuta mikononi.

Sasa njooni kwenye kipaimara. Kanisa letu la mlimani lina ua mwembamba, na mbele ya mlango, hatua chache tu, ardhi inakatika na kushuka kwenye shamba la mahindi la kasisi. Siku ya kipaimara askofu anakaa katikati kwenye kiti kikubwa, kulia na kushoto wazee wa kanisa, nyuma watoto waliovaa nyeupe, halafu wazazi. Mpiga picha anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka kisigino kinahisi hewa. Nilishawahi kudondoka kwenye yale mahindi na kamera nimeinyanyua juu, na kwaya nzima ilinicheka bila kuacha kuimba.

Ila haikuwa miguu yangu iliyoniudhi. Zamani tulikuwa na kamera ya kawaida, na haikutosha. Waliobaki nje ya picha kila mwaka walikuwa walewale, wapishi. Wanawake hawa wanaamka alfajiri kuchinja kuku na kuchambua mchele. Picha ikiitwa, wao ndio wa mwisho kufika, wanajifuta mikono kwenye kanga, na nafasi iliyobaki ni mwishoni mwa mstari. Hapo ndipo picha ilipokatika. Mmoja wao, Mama Yunis, alikuwa ameshaacha hata kuja. Nilikuwa nampenda yule mama. Alikuwa ananiwekea ukoko wa wali kwenye sahani yangu bila kuniuliza, kwa sababu mara moja tu nilimwambia naupenda.

Nikamlilia Mzee Sefu tupate kamera ya lenzi pana. Nilimlilia misimu miwili. Mwishowe akakubali, na kwa kuwa yeye alikuwa Tindiga kwa ajili ya mavuno ya mpunga wa familia yao, akanituma mimi Morogoro kwa mtu aliyekuwa anauza yake. Nilivaa gauni la kanisani. Nilijiona afisa.

Kamera ilikuwa inang'aa. Mbele ya lenzi palikuwa na kikinga-jua cha chuma, kipya kabisa, kimekazwa kwa nguvu hadi hakizunguki. Nilijaribu kukifungua, kikakataa, na muuzaji akasema, "Dada, hiyo ni imara hivyo, haijawahi kufunguliwa." Mimi mjinga nikaona huo ndio upya wenyewe. Kwa mama wa maandazi wa stendi nilipita, maandazi nikala, karatasi nikatupa. Kamera ilikuwa mkobani na dakika tano nilikuwa nazo. Niliona aibu kujifunika kitambaa cheusi stendi, mbele za watu, na gauni langu la kanisani.

Mzee Sefu aliporudi nilimkalisha kwenye kiti cha studio, katikati, nikampiga. Picha ilitoka safi, ndevu unazihesabu. Akafurahi na sura yake, akaiweka dirishani. Hata yeye hakuniuliza kuhusu kona. Huwa najiambia kwamba kosa ni la wote wawili, lakini aliyenunua ni mimi.

Kipaimara kikafika. Safari hii niliingia jikoni mwenyewe. Moshi ulikuwa umejaa, Mama Yunis ana upawa mkononi.

"Twende," nikamwambia.

"Niache mimi, Foibe. Mara ya mwisho nimetoka bega tu."

"Leo wote mnaingia. Nimenunua kamera kwa ajili yenu."

Alinitazama kuona kama natania. Akaweka upawa chini, akaazima kitenge cha mwenzake kwa sababu chake kilikuwa na masizi, akatafuta viatu. Alisimama mwisho kabisa upande wa kushoto, kidevu juu. Nilibofya nikiwa nimesimama vizuri kwenye ardhi ya kanisa, mbali na mahindi, moyo umejaa.

Chumba cha giza kilinionyesha ukweli usiku uleule. Askofu alikuwa safi, na pete yake. Wazee safi. Watoto safi. Kuanzia pale wazazi walipoishia, upande wa kushoto, sura zilianza kuvutika, na mwishoni kabisa palikuwa na kitenge, na juu yake kitu chenye rangi ya ngozi.

Mzee Sefu akakichukua kikinga-jua, akakifunika tambara, akakipiga taratibu na mpini wa kisu kuzunguka, mpaka kikaachia. Chini yake ukingo wa lenzi ulikuwa umebonyea. Kamera iliwahi kuanguka, lenzi ikapinda kidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuona, na muuzaji akakikaza kikinga-jua juu ya kidonda ili kisionekane. Mzee Sefu aliniuliza swali moja tu.

"Karatasi ya maandazi uliiweka wapi?"

Angenifokea ningeshukuru.

Nyinyi mnaweza kusema basi, bahati mbaya, dada wa watu kadanganywa. Msiniharakishie msamaha. Nilipoiona ile picha nilikuwa na nafasi ya kurudi mlimani na kamera ya zamani, kumsimamisha Mama Yunis peke yake mlangoni mwa jiko, na kumpiga. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sikwenda. Nilijiambia, askofu katoka, watoto wametoka, waliolipia wametoka, hawa ni wapishi tu. Nikazisafisha picha kwa ukubwa mdogo, wa kiganja, ambapo uharibifu haujitokezi sana, nikazigawa.

Mama Yunis aliileta yake dirishani, akainyoosha kwenye mwanga.

"Foibe, mbona mimi niko kama ndani ya mvuke?"

"Ni moshi wa jiko lako, dada," nikasema. "Ulikufuata mpaka kwenye picha."

Alicheka sana. Aliikunja kwenye leso akaenda nayo. Ule ulikuwa uongo, na niliusema kwa urahisi, na uliniuma kidogo tu kwa wakati ule. Niliendelea kuahidi moyoni kwamba nitapanda mlima wiki ijayo.

Aliugua msimu wa mvua kubwa, na hakuugua muda mrefu. Binti yake, Yunis, alishuka mpaka studio akiwa na viatu vimejaa tope. Kwetu mnajua ilivyo: jeneza likitoka nyumbani, mbele hutangulia msalaba na picha ya marehemu kwenye fremu. Mama yake hakuwa na kitambulisho, hakuwahi kupiga picha ya pasipoti, harusi yake haikuwa na mpiga picha. Yunis alifungua leso, akatoa ile ya kiganja.

"Anti, nimesikia mna kubwa yake. Nitolee mama peke yake."

Niliingia chumba cha giza nikakuza. Mnajua kinachotokea ukikuza sura iliyoyeyuka? Inayeyuka zaidi. Nilijaribu mara nyingi, nikipunguza mwanga, nikiongeza, kana kwamba sura yake ilikuwa imejificha mahali ningeweza kuifikia. Mwisho nikatoa ile iliyokuwa na afadhali. Yunis aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Alikuwa hataki kwenda kwenye picha," akasema. "Alituambia wewe ndiye uliyemtoa jikoni."

Hakusema kwa ukali. Alishukuru, akaaga.

Nilikwenda mazishini. Mjukuu mkubwa alibeba fremu mbele ya jeneza, na ndani yake palikuwa na kitenge cha kuazima na wingu. Mtoto mmoja wa ukoo, mdogo bado, alimvuta mama yake gauni akauliza, "Huyu ni nani?" Mama yake akamwambia ni bibi. Mtoto akasema siye. Nilikuwa nyuma yao hatua mbili. Tangu siku ile mtu akiniambia kwamba pembeni ya picha si muhimu, namwonyesha mlango.

Kwa hiyo, Neema, ulivyosema tunakata tu, hukuwa unazungumza na bibi kizee asiyejua kwamba simu inaweza kukata picha. Najua inaweza. Hata mkasi ulikuwa unaweza. Nauliza, nani alikutuma ununue lenzi pana kama unachotaka ni katikati? Kamera za katikati zimejaa Mikumi nzima, kila mwongoza watalii anayo moja. Lenzi pana inanunuliwa kwa ajili ya pembeni. Ndiyo kazi yake. Kuinunua halafu ukakata pembeni ni sawa na kununua sufuria ya shughuli ukapikia yai moja.

Na ulinunua. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na muuzaji alikupunguzia. Nilijua kwa sababu Jumapili iliyopita, pale kanisani mlimani, walibandika kwenye ubao wa matangazo picha ya kipaimara cha mwaka huu, na chini yake kuna jina lako. Nilivaa miwani. Ni picha nzuri, sitakunyima sifa yako. Askofu yuko safi na watoto wanapendeza. Umekata pande zote mbili kwa unadhifu, mstari umenyooka.

Ila upande wa kushoto ulikatia mahali pabaya. Umebaki mkono, kuanzia kiwiko. Umeshika upawa, kwa sababu mwenye mkono alitoka jikoni kwa haraka akasahau kuuacha, na kwenye kifundo kuna bangili ya shaba.

Niliiomba picha kwa katekista, nikazunguka nayo nyuma ya kanisa, jikoni, nikiegemea fimbo. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Walinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikawaonyesha. Mmoja wao, mama mnene mwenye mwanya, alifuta mikono kwenye kanga, akaishika picha. Bangili ilikuwa mkononi mwake. Aliuona mkono wake, akatabasamu. Kisha akaanza kuitafuta sura yake kati ya zile nyingine, mstari kwa mstari, kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi tena. Alipofika mwisho akanitazama.

"Bibi, mimi niko wapi?"

Neema, nilisimama pale na sikuwa na moshi wa kumdanganyia.

Anaitwa Mama Stella. Kila Jumatano asubuhi yuko pale jikoni, wanapikia mkutano wa akina mama. Kamera yako usiirudishe wala usiniletee tena niitazame. Panda nayo Jumatano hii, na si wiki ijayo. Msubiri avae kitenge atakachotaka, na umsimamishe katikati, kwa sababu katikati kamera yako ni nzima.